Bomba Lililofungwa kwa Kamba

Mgogoni, Pemba
11 Januari 1960

Ndugu yangu Jecha,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi yangu Mwatum na mtoto, nami nikiandika haya sote tu wazima. Mama goti limepungua maumivu tangu alipoanza kukandwa kila asubuhi, na sasa anakwenda mwenyewe hadi bandani kumtukana ng'ombe. Ng'ombe naye amezaa, ndama jike, Alhamdulillahi. Jua ni kali, muhogo umekunja majani, lakini tunakula na tunashiba.

Sasa lililonikalisha na kalamu. Yule Mzungu aliyekuwa akitazama maradhi ya mikarafuu amekwenda zake kwao. Gari lake la kulala, lile lisilo na injini, la kukokotwa, amemwachia Shehe Nyange liwe chumba cha kuzalia, nami nimekabidhiwa kwa kuwa ndimi mkunga. Limetolewa magurudumu na kupandishwa juu ya mawe. Ndugu yangu, ni chumba cha kifalme. Kitanda, dirisha la kioo, beseni, na pampu ya mkono inayovuta maji kutoka tangi lililo chini ya sakafu. Kila Ijumaa baada ya sala wanawake huchota kisimani kwa zamu, madebe kumi na mawili, tukalijaza tangi. Zamani yalifika Ijumaa ya pili yakiwa na salio. Tangu mwezi uliopita, Jumatatu tu pampu inakohoa hewa.

Wiki iliyopita mtu amejifungua Jumanne na ndani hamna hata tone la kunawa mikono. Nilitoka na kanga yangu ya damu kwenda kuomba maji kwa majirani, mimi mwenye tangi.

Chini ya gari nimetazama, hapana dimbwi. Tangi lina kizibo cha kufuli na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu, jirani yangu, mwenzangu wa kazi, anayelala hatua kumi kutoka hapo. Siku hizi za vyama vya siasa, ambapo watu hawaazimani hata kiberiti, na yeye ni wa chama kile na mimi wa hiki, neno dogo linaota miguu. Nami Ijumaa ile, pale kisimani mbele ya wanawake wote, nilisema, "Mwenye ufunguo ndiye ajuaye maji yanakokwenda." Sikutaja jina. Halikuwa na haja ya kutajwa.

Jioni yake aliniletea ufunguo, akauweka juu ya kizingiti, akaondoka. Hajakanyaga tena kwangu. Kama ni mwizi nataka nijue, na kama si mwizi nataka nijue zaidi. Wewe ndiye fundi wa magari ya namna hii. Niambie maji yanakwenda wapi.

Dada yako,
Mwanapili binti Mmanga


Arusha, Tanganyika
2 Februari 1960

Dada yangu Mwanapili,

Nakuamkia kwa adabu, wewe na Mama. Mwatum anakusalimu na anasema mwana ameanza kusema, na neno lake la kwanza ni "spana". Mimi nimefurahi, yeye hakufurahi. Baridi ya huku imepungua kidogo na kazi ni nyingi, maana Wazungu wa kuwinda wamefika na magari yao.

Kuhusu gari lako usitie wasiwasi. Magari kama hayo tunayo manane hapa gereji, na yote hupita mikononi mwangu. Mengi huvuja, na karibu yote huvujia pasipoonekana, kwa sababu chini pana bati limefunika matumbo yake. Kwanza ujue kwamba maji hayadondoki pale yanapotokea. Hushika chuma, yakatembea nacho mpaka yapate pa kuangukia. Kwa hiyo usimlaumu mtu kwa kuwa hukuona dimbwi.

Fanya hivi. Kila jioni funga bomba lililo chini ya tangi, na ulifunge barabara. Asubuhi kabla ya kulifungua, tia ufito ndani ya tangi upime kina cha maji. Halafu kagua mfereji ulio karibu na gari, kama una unyevunyevu na kiangazi hiki. Mwisho niambie kama kuna chochote kibichi kilichomea hapo ambacho zamani hakikuwepo.

Hukuniambia huyo mwenye ufunguo ni nani. Ninamjua?

Mdogo wako,
Jecha


Mgogoni, Pemba
25 Februari 1960

Ndugu yangu Jecha,

Mfungo umefika mlangoni na barua yako imefika jana, nikasema nijibu kabla njaa haijanitia ukali. Mama anakuombea dua na anauliza kama huko kuna tende. Ndama anakua. Huyo mwanao mwenye spana mbusu kwa niaba yetu.

Nimefanya yote uliyoniagiza, na Mungu akusamehe kwa kazi uliyonipa. Bomba nimelifunga. Nilijilaza chali mchangani, mwanamke wa miaka arubaini na saba, nikalifunga kwa kamba ya usumba wa nazi kutoka chini ya beseni mpaka mkono wangu ulipokoma kule nyuma ya bati, mzingo kwa mzingo, barabara kama ulivyosema. Asubuhi nikalifungua. Jioni nikalifunga tena. Siku ya nne nilisema kama ufundi ni huu, basi mafundi wana subira kuliko mitume, nikaliacha limefungwa hivyo hivyo hadi leo. Watoto wanaliita bomba la kilemba.

Maji yanakwenda vile vile.

Mfereji nimeukagua pia. Ni ule mdogo wa shaba ulio chini ya tangi, ambao hatujaugusa tangu Mzungu aondoke. Mkavu, hata tone. Kibichi kilichomea ni majimbi, nyuma ya gari kwenye jiwe la mwisho, na ni majimbi ya ajabu, majani kama sinia. Nilidhani ni baraka ya mahali wanapozaliwa watoto. Nimeyapika mara mbili, matamu.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma. Ufunguo umo kifuani mwangu wiki ya saba hii, haujatoka hata siku moja, na maji yanakwenda. Kwa hiyo mwenzangu hakuiba. Hilo nalijua. Lakini nikienda kumwomba radhi wataniuliza, basi yako wapi? Nami sina jibu. Kwa hiyo nimenyamaza, na ninajua kwamba kunyamaza huko ni ubaya juu ya ubaya. Mwenyewe anapita njia ya bondeni asikutane nami, na wanawake wameanza kuficha ndoo zao akipita. Wiki hii nimezalisha peke yangu mara mbili. Mikono miwili haitoshi.

Umeniuliza kama unamjua. Jina lake ndilo lile ulilonikataza kukuandikia.

Dada yako,
Mwanapili


Arusha
20 Machi 1960

Dada yangu Mwanapili,

Ramadhani kareem kwako na kwa Mama. Tende ziko na nimetuma pishi moja pamoja na barua hii, kwa mkono wa mtu wa Wambaa huko Pemba anayerudi likizo. Zikifika pungufu ujue ni yeye.

Barua yako nimeisoma gerejini nikacheka mpaka Singasinga ninayefanya kazi naye akatoka chini ya gari kuja kuuliza nani amekufa. Dada, nisamehe. Kosa ni langu. Miaka tisa ya bara imenigeuza ulimi na sikujua. Huku wanachokiita bomba ndicho kile sisi tunachokiita mfereji. Niliposema funga bomba nilitaka uuzungushe ule mfereji wa shaba mpaka maji yakatike. Na mfereji kwa watu wa huku ni handaki la kupitishia maji mashambani, ndilo nililotaka ulikague. Wewe umekwenda kulivika bomba kilemba, na mimi ndiye niliyekutuma.

Lakini usiifungue kamba hiyo kwa haraka, maana huenda imetufanyia kazi bora kuliko maneno yangu. Usumba hunywa maji ukayashika. Mtafute mtu mwenye mikono, afungue skurubu za lile bati la chini, kisha mwifungue kamba mzingo mmoja mmoja kutoka kwenye beseni, mkiipapasa. Pale inapoanza kulowa, simama. Mpake jivu kavu juu ya bomba hapo mngoje kidogo, tone litajichora lenyewe. Na ule mfereji wa shaba uufunge usiku mmoja upime kwa ufito. Maji yakitulia, ubovu uko mbele ya mfereji, kwenye bomba. Yakipungua, ubovu uko nyuma yake, kwenye shingo ya tangi, pale linapoungana na bomba. Majimbi yako yananiambia ni shingo. Fanyeni kabla ya masika, mvua ikishuka kila kitu kitalowa na hamtajua lipi ni lipi.

Nimetia ndani ya furushi la tende kipande cha mpira wa tyubu na waya laini. Kabla ya kuziba tazameni mawe. Gari likilala upande mmoja shingo huvutwa ikapasuka tena.

Kuhusu mwenye ufunguo sina la kusema.

Jecha


Mgogoni, Pemba
14 Aprili 1960

Ndugu yangu Jecha,

Idi ilikuwa njema, tumevaa, tumekula, na Mama amewagawia tende zako watu aliowapenda tu. Zilifika kamili, kwa hiyo umtake radhi yule mtu wa Wambaa.

Maji yamepatikana.

Nilimwita Mbarouk, yule fundi wa Tumbe anayetia kalafati vyombo vya baharini, mume wa binti wa shangazi. Kwanza alikataa, akasema kazi yake ni kuzuia maji yasiingie, ya kuzuia yasitoke hajapata kuifanya. Nikamwambia maji ni yale yale. Nilikuwa nimeufunga mfereji usiku uliotangulia, na asubuhi ufito ulionyesha yamepungua vidole viwili. Akalifungua bati, akaanza kuifungua kamba yangu. Chini ya beseni kavu, katikati kavu, mbele ya mfereji kavu. Ilipofika kule nyuma ya bati, pale mkono wangu ulipokoma, ilikuwa imelowa na imeota ukungu wa kijani. Tukapaka jivu. Kabla sijamaliza kusema Bismillahi, mstari mweusi umeteremka kutoka shingoni mwa tangi, ukashika chuma, ukaenda zake taratibu hadi jiwe la nyuma, kwenye majimbi. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Jiwe lile lilikuwa limezama mchangani, gari limelala, shingo imevutika, kama ulivyosema.

Mbarouk alilipandisha jiwe kwanza. Kisha akaukaza ufa kwa pamba iliyopakwa nta, akauzungushia mpira wako, akafunga kwa waya. Tumejaza Ijumaa, na Ijumaa ya pili ufito umeonyesha madebe matatu yaliyosalia. Umefanya kazi nzuri, ndugu yangu, hata kama hujui tena kusema Kiswahili.

Sasa jina nitaliandika, hata ukikasirika. Ni Kijakazi binti Jaribu, aliyekuwa mkeo.

Nilimwendea kwake nikamwambia nimekosa. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anakuna nazi. Akasema radhi ya nyumbani haimfai, aliposingiziwa palikuwa kisimani. Na tena nilimsema kwa fumbo, basi safari hii nisiseme kwa fumbo. Kwa hiyo Ijumaa, wanawake wote wakiwa na madebe yao, wa chama hiki na wa kile, nilisimama nikasema, "Mimi Mwanapili nilimsingizia Kijakazi binti Jaribu wizi wa maji. Hakuiba. Tangi lilikuwa bovu, na ulimi wangu pia." Nilisema hayo, Jecha, mbele ya watu ambao nusu yao nimewazalisha mimi. Kijakazi aliinama, akajitwisha debe lake, akaja kulimimina tangini.

Baadaye tukiwa wawili nikamshukuru. Akaniambia maneno haya, nami nakuandikia kama yalivyo: "Weye umenirejeshea heshima palepale uliponitolea. Nduguyo alinitoa mbele ya majamvi, na miye niko hapo hapo mpaka leo."

Hujui maana yake, kwa sababu sikukwambia. Barua yako ya mwaka ule, miaka saba nyuma, ilifika msimu wa karafuu. Tulikuwa uani, wanawake kama ishirini juu ya majamvi, tunachambua karafuu kwenye makonyo yake. Barua kutoka bara husomwa kwa sauti, kila mtu apate salamu yake, nami ndiye niliyejua kusoma. Nikasoma salamu ya Mama, ya shangazi, ya jirani, watu wanaitikia, na Kijakazi anangoja yake. Macho yangu hayakuwahi mbele ya ulimi. Nikasoma kwamba umesikia mkeo halali nyumbani kwako, na kwamba umempa talaka yake. Nilisoma mpaka mwisho wa mstari ndipo nikaelewa.

Usiku aliokuwa halali nyumbani alikuwa na mimi, anashika taa na kukanda migongo ya watu. Nilikuandikia hilo mwaka ule ule, ukanijibu jina lile nisikuandikie tena. Nami nikatii, na nimekula dhambi ya kutii. Wachumba walikuja kwake, wakauliza aliachwa kwa nini, wakarudi.

Sasa nimesema. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, lakini nijibu.

Dada yako,
Mwanapili


Arusha
19 Juni 1960

Dada yangu Mwanapili,

Nakuamkia. Sote wazima. Miezi miwili nimekaa kimya na najua umehesabu kila meli.

Sikukasirika. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Mara nikasema nimeshaoa, yamepita. Mara nikasema niliambiwa na mtu, kosa ni lake. Mwishowe Mwatum akaniuliza karatasi hizi zote za jikoni ni za nini, nikamweleza kila kitu, nikidhani atanitetea. Yeye akasema, "Mtu akinisema mimi kesho, utaniuliza kwanza au utaandika kwanza?" Tangu siku ile sijalala vizuri.

Nilisikia kwa mtu mmoja, tena juu ya sitaha ya meli, mtu ambaye hata jina lake nimelisahau. Sikukuuliza wewe, sikumwuliza Mama, sikumwuliza yeye. Ulipoandika kwamba alikuwa na wewe nilikuamini palepale. Nilikukataza kutaja jina kwa sababu nilikuamini. Nilikuwa nimeshasema, na niliona haya kurudi nyuma. Hilo ndilo nililokuficha miaka yote.

Simwombi anirudie, sina haki hiyo wala sina nafasi hiyo. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ya kwake. Mpelekee, umweleze ni nini, na yeye ndiye ataamua isomwe wapi au itiwe motoni. Akitaka isomwe, soma wewe.

Mdogo wako,
Jecha


Mgogoni, Pemba
24 Julai 1960

Ndugu yangu Jecha,

Mama mzima, goti zima, ndama ana pembe kama vidole. Karafuu mwaka huu zimekubali na uani hapana pa kuweka mguu. Gari letu liko imara, Kijakazi amerudi kazini na ufunguo umerudi shingoni mwake. Juzi tumezalisha mapacha, yeye mmoja na mimi mmoja, na maji yakatosha kuwaosha wote na mama yao.

Karatasi yako nilimpelekea siku ilipofika. Nilimweleza ni ya nani. Akaitazama nje na ndani, yeye hajui kusoma, akaitia kwenye kunjo ya kanga akaondoka. Alikaa nayo siku tisa. Nilidhani ameichoma na nikasema ni haki yake.

Jana alasiri tulikuwa juu ya majamvi, wanawake wote, wengi wao ni wale wale wa mwaka ule. Kijakazi akaja na kapu lake, akakaa katikati, si pembeni anapokaa siku zote, akaitoa karatasi akanipa. Akasema, "Kuna barua kutoka bara. Isome."

Nikasoma. Safari hii niliyatanguliza macho, nikajua kila neno kabla ya kulitamka. Nilisoma kwamba wewe Jecha bin Mmanga ulimwacha Kijakazi binti Jaribu kwa neno la mpita njia, na kwamba mwanamke yule hakuwa na kosa lolote, usiku alikuwa akifanya kazi ya kheri, na kwamba ulilijua hilo miaka saba ukanyamaza kwa kuona haya. Nilisoma kwamba unamwomba radhi yeye na kila aliyeisikia barua ya kwanza. Mikono ilisimama majamvini. Bi Duni, aliyetaka kumposea mwanawe Kijakazi kisha akaghairi, aliinamisha kichwa akawa anatafuta konyo pasipo na konyo.

Nikaikunja karatasi. Kijakazi hakulia wala hakucheka. Aliendelea kuchambua, kiganja kimoja, kiganja cha pili, kisha akasema bila kuinua macho:

"Ile ya kwanza waliisikia mara moja tu, wakaikumbuka miaka saba. Neno la kheri husahauliwa upesi. Soma tena, Bi Mwanapili."

Nikaikunjua, nikasoma tena.

Dada yako,
Mwanapili binti Mmanga